Faida ya Ndizi za Masoko

Mwanaharusi alipenda vitu vizuri na hakuona haya kusema hivyo. Nyumbani kwake Ibighi, pale Tukuyu, mapazia yalibadilishwa kila sikukuu, udi ulifukizwa hata siku zisizo na mgeni, na chai ilinywewa kwenye vikombe ambavyo wanawake wengine huvifungia mpaka aje mkwe. "Kabati halinywi chai," alikuwa akisema akikumiminia.

Lakini siku za kazi usingemjua. Ungemkuta kwenye tope la kijiji cha Masoko amevaa baibui, juu yake koti la mvua la kiume, miguuni mabuti ya mpira, anagonga mkungu wa ndizi kwa kidole na kutega sikio kama daktari anayepima kifua. Ndiyo ilikuwa kazi yake: kununua ndizi mashambani Rungwe na kuzipeleka Dar es Salaam. Babu yake alikuja Tukuyu kutoka pwani na cherehani moja. Mumewe, Mungu amrehemu, alimwachia binti mmoja, Siham, na Fuso moja kuukuu yenye madeni. Siham sasa yuko chuo Dodoma, madeni yalikwisha, na Fuso ya sasa ni nyingine, inang'aa. Watu walimwita tajiri, na jina hilo halikumchukiza hata kidogo.

Mwaka huu Ramadhani iliangukia kwenye mvua. Siku chache kabla ya mfungo, Mwanaharusi alikwenda Masoko kununua mzigo kwa mzee Ambindwile na majirani zake. Mzee huyo alikuwa na migomba mizuri kuliko yote upande ule, na ulimi wa biashara usiochoka. Walibishana kama siku zote. Mzee alijifanya anarudi ndani kulala, Mwanaharusi akajifanya anapanda gari aondoke. Mzee akarudi, Mwanaharusi akashuka.

"Bei ya huko Dalisalama ikoje lakini?" Ambindwile aliuliza.

"Ile ile ya kila siku, baba."

Simu ililia mfukoni mwa koti. Aliitazama, akaona ni Naseeb, mdogo wake anayepokea mzigo Dar katika soko la Mabibo, akairudisha mfukoni. Ikalia tena, akaiacha. Ukishaanza kubishana na Ambindwile hutakiwi hata kupepesa macho. Mwishowe wakakubaliana, wakapeana mikono, mzee akacheka kwa kuridhika. Ndizi zikapakiwa, turubai likafungwa, na dereva Lugano akaondoka nazo.

Mwanaharusi alipompigia Naseeb jioni ile, ilimbidi aiweke simu mbali na sikio.

"Dada! Nimekupigia, hupokei! Ndizi hakuna! Barabara ya kaskazini imekatika kwa mafuriko, malori yote ya upande ule yamekwama, na watu wanaingia mfungo! Mzigo wako uko wapi?"

"Uko njiani."

"Basi wewe shukuru Mungu tu."

Fuso ilipoingia Mabibo, wachuuzi waliirukia kabla turubai halijafunguliwa. Faida ya safari ile moja ilizidi ya msimu mzima uliopita. Mwanaharusi alipopata habari alifunga mlango, akafungulia redio, akacheza peke yake sebuleni mpaka kilemba kikamdondoka.

Kisha akakaa chini akawaza kama mtu mzima. Kwanza Lugano na wapakiaji, maana wao ndio waliolala kwenye baridi. Halafu zaka. Halafu matairi, halafu ada ya Siham. Baada ya hapo akaenda kwa sonara akajinunulia bangili ya dhahabu aliyokuwa ameitamani tangu mumewe akiwa hai, akaivaa pale pale dukani. Na bado fedha nyingi ilibaki.

"Prado," Naseeb alimwambia kwenye simu. "Kuna jamaa anauza Prado yake, safi kabisa. Dada, tutaonekana."

"Tutaonekana na nani?"

"Na watu."

"Watu gani, Naseeb? Mimi hapa Tukuyu hata nikivaa gunia wananiona."

Jambo lenyewe lilimjia wakati wa futari, siku ya pili au ya tatu ya mfungo. Alikuwa anakula ndizi za nazi, na swali la Ambindwile likamrudia masikioni. Bei ya huko ikoje? Alimjibu alivyojua, hakumdanganya. Lakini ile simu ililia. Je, angeipokea, angemwambia mzee? Alijaribu kujijibu kweli. Mara alijiona akimwambia. Mara alijiona akisogea kando na simu, akinong'ona, kisha akirudi na uso mkavu kumaliza biashara. Hakujua yupi kati ya hao wawili ndiye yeye, na kutojua huko kukamkosesha raha.

"Umenunua kwa haki," Naseeb alisema alipoelezwa. "Mlikubaliana, mkashikana mikono. Dini iko upande wako na serikali iko upande wako. Unadaiwa nini na yule mzee?"

"Sidaiwi kitu. Ndiyo maana nataka kumpa mwenyewe kwa moyo wangu, kabla roho haijazoea uchoyo."

Akaweka sehemu nzuri ya faida ile kwenye bahasha, akamwambia Lugano awashe gari.

Walimkuta Ambindwile akikata majani makavu ya migomba. Mwanaharusi akamwamkia, mzee akaitikia huku akichungulia nyuma yake kutafuta wapakiaji.

"Leo sikuja kununua, baba."

"Basi umekuja kutusalimu. Sekela! Mgeni!"

Sekela, mkewe, akatoka jikoni akijifuta mikono, mama mnene mwenye cheko la karibu. Mwanaharusi akaeleza yote bila kuficha: mafuriko, bei, hata simu iliyolia. Akatoa bahasha kwa mikono miwili. Ambindwile hakuigusa. Alikuwa anatabasamu.

"Nikuulize kitu, Mama Siham. Mwaka juzi gari liliharibika njiani, ndizi zangu zikaivia humo humo ukazimwaga. Ulikuja hapa kunidai?"

"Hapana, baba."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa hasara yangu."

"Na hii ni faida yako. Unataka hasara uile peke yako, halafu faida tugawane? Sasa mimi hapo nitaitwa mtu gani?"

Miaka yote ya biashara, hakuna aliyewahi kumshinda Mwanaharusi hivyo. Sekela alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango.

Kibaya zaidi, hawakumwacha aondoke mikono mitupu. Kwa kuwa alikuwa amefunga na asingeweza kula pale, Sekela alimfungia jogoo miguu, akaleta maharage kwenye kikapu, na mzee akakata mkungu wa ndizi mzuzu akaupandisha mwenyewe kwenye gari. Lugano alitazama mizigo ile, akatazama bahasha iliyokuwa bado mkononi mwa bosi wake.

"Mama, kwani tulikuja kutoa au kuchukua?"

"Endesha gari, Lugano."

Mwanaharusi hakuwa mtu wa kushindwa mara moja. Pale nyumbani alikuwa ameona kitu: mabati ya jiko la Sekela yametoboka, mvua inadondokea kwenye beseni kando ya mafiga. Wiki ile ile akamtuma Lugano na mabati mapya ya rangi ya damu ya mzee, na fundi wa kuyaezeka. Akamwagiza ashushe mzigo haraka kabla watu hawajapata nafasi ya kubisha.

"Mzee alisemaje?" Mwanaharusi alimuuliza Lugano aliporudi.

"Aliyazunguka. Akayagonga. Akasema, mwambie nimepokea, ndaga fijo, ahsante sana."

"Hakukataa?"

"Hakukataa. Ila alikuwa na uso wa mtu anayepanga kitu."

Mwanaharusi hakusikia neno hilo la mwisho, au alisikia akalipuuza. Siku zile zote za kumalizia mfungo alitembea kwa furaha ya ushindi.

Siku moja kabla ya Idi alikuwa uani anaanika mapazia mapya, yale ya sikukuu, yenye maua ya dhahabu. Akasikia watoto wa jirani wanapiga kelele njiani. Kugeuka, anaona wanaume wawili wenye matope mpaka magotini wanaingia langoni kwake, na kati yao fahali mweusi, mnono, mwenye nundu kama mlima.

"Tumetoka Masoko kwa mzee Ambindwile," mmoja alisema akivua kofia. "Anasema, mboga ya sikukuu."

Kabla Mwanaharusi hajapata la kujibu, fahali alinyoosha shingo akalivuta pazia kutoka kwenye kamba, akaanza kulitafuna taratibu, macho kayafumba nusu. Mama Neema wa nyumba ya pili alikuja mbio na ufagio. Watoto walishangilia. Na ndipo Naseeb alipotokea akitoka stendi, na begi lake la magurudumu na viatu vyeupe vipya, amekuja kula Idi na dada yake na kumalizia mazungumzo ya Prado. Mtu wa kwanza kumwona alimkabidhi kamba ya fahali.

"Shika hapa, kaka, tumalize kuokoa pazia."

"Dada," Naseeb aliita huku fahali akimburuta kuelekea kwenye mboga za Mama Neema, na viatu vyeupe vikizama, "dada, hiki ni nini?"

Mwanaharusi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, machozi ya kicheko yanamtoka. Alipopata pumzi akampigia mzee.

"Baba, umenifanyia nini?"

"Nimekujibu."

"Mabati hayakuwa swali!"

"Kwangu lilikuwa swali," Ambindwile alisema kwa utulivu. "Idi njema, mwanangu."

"Basi kesho njooni mumle wenyewe, wewe na mama. Msipokuja namrudisha."

Walikuja. Mzee alivaa koti lake la kanisani na kofia, Sekela akavaa kitenge kipya. Nyumba ya Mwanaharusi siku ile haikuwa na pa kuweka mguu. Wanaume waliotoka msikitini walikaa upande wa barazani, akina mama wa kwaya ya Moravian, wenzake Mama Neema, walikuwa uani wanamenya ndizi huku wakiimba, na masufuria ya pilau yalipangwa mpaka kwenye njia ya gari. Mvua ilinyesha kidogo, ikaacha, ikanyesha, hakuna aliyeijali. Naseeb aligawa soda akiwa amevaa mabuti ya dada yake.

Katikati ya shughuli, Sekela alimvuta Mwanaharusi nyuma ya tangi la maji.

"Mama Siham, nina ombi. Usitupe kitu tena."

Mwanaharusi alishtuka. "Nimewakosea, mama?"

"Hujatukosea. Mabati ni mazuri, masika haya napika nikiwa mkavu, nakuombea kila siku. Lakini huyu tunayemla leo tulikuwa tumemtunza kwa ajili ya harusi ya mjukuu wetu. Na jana asubuhi nimemkuta mzee amesimama zizini, anamtazama ng'ombe wangu wa maziwa. Anampima kwa macho hivi." Sekela akainamisha kichwa upande, kama mnunuzi mnadani. "Anajiandaa, endapo utaleta kingine. Ukileta hata kijiko, Mama Siham, sisi tumekwisha."

Walicheka wote wawili, wakashikana mabega. Lakini cheko la Mwanaharusi lilikatika mapema. Alijiona wazi, pale nyuma ya tangi. Alikuwa ametafuta raha ya moyo wake mwenyewe, akaipata, na mzigo ameutua kwenye mabega ya mzee wa watu. Alimpa kwa namna ambayo mzee asingeweza kukaa nayo bila kulipa. Na fahali wa harusi alikuwa tayari ndani ya masufuria.

"Sasa nifanyeje, mama? Fedha ile ya bahasha nikiitazama sipati raha."

"Mume wangu hawezi kupewa," Sekela alisema. "Ndivyo alivyo, hata dawa ya kifua anaibishania. Ila kufanya kazi na mtu anaweza. Kushirikiana anaweza, na hapo atakesha. Unajua kinachotuumiza sisi? Kile kilima. Tunapanda na mikungu kichwani mpaka barabarani, tunailaza kwenye matope inanyeshewa, inachubuka, halafu wewe unakuja unasema imechubuka, unashusha bei. Na unakadiria kwa macho. Macho yako makali, mwanangu, lakini yapo upande wako."

Mwanaharusi akamshika Sekela mkono, wakaingia sebuleni. Ambindwile alikuwa amekaa kwenye kochi kubwa, sahani ya pili mapajani. Mwanaharusi akakaa chini kwenye mkeka mbele yake.

"Baba, nina shida. Nataka unisaidie."

Uso wa mzee ukafunguka. Akaiweka sahani kando. "Sema."

"Ndizi zenu zinanifikia zimechubuka, nami napoteza sokoni. Nahitaji banda pale Masoko, kando ya barabara, lenye paa na sakafu ya saruji na mizani kubwa, tupime badala ya kukadiria. Na njia ya kilima itengenezwe, toroli ipite. Fedha ya kujenga ninayo. Sina kiwanja."

Mzee alijisugua kidevu. "Ile kona yangu ya juu, barabarani. Ina mawe, mgomba haukui pale. Jenga."

"Nitakodi."

"Hukodi."

"Baba, nitakodi."

"Kwenye shamba langu? Hukodi!"

"Jamani!" Naseeb alipaza sauti kutoka mlangoni na kreti ya soda mikononi. "Mtagombana mpaka Idi ijayo. Kiwanja cha mzee, jengo la dada, mali ya ushirika. Wote mmetoa, wote mnalo. Basi!"

Walimtazama wote, kama watu waliogundua kuwa ana akili.

"Na bei?" Ambindwile aliuliza. Biashara ilikuwa imeshaanza, na macho yake yaling'aa.

"Kabla ya kununua," Mwanaharusi alisema, "nitampigia Naseeb pale pale bandani, simu naiweka sauti kubwa, wote msikie Mabibo wanasemaje."

Naseeb aliweka kreti chini. "Dada! Watajua faida yetu yote!"

"Na gharama zetu watazijua. Siku mafuta yakipanda nao watasikia. Na mzigo ukiuzwa kwa bei ya juu kuliko tuliyoisikia, ile ziada tunagawana na waliouza."

"Na ukiuzwa chini?" mzee aliuliza haraka.

"Hapo ni juu yangu."

"Basi sitaki." Ambindwile alikunja mikono. "Tukigawana kinachozidi, tugawane na kinachopungua. Vinginevyo kiwanja changu nakifunga."

Mwanaharusi alimtazama Sekela. Sekela akamkonyeza. "Haya, baba. Tugawane vyote."

Walipeana mikono, na akina mama wa uani, ambao walikuwa wamekwisha kujazana dirishani, wakapiga vigelegele bila hata kuuliza ni vya nini.

Naseeb hakupata Prado. Alipata kazi ya kutafuta mizani iliyo imara Kariakoo na kuileta mwenyewe, na aliporudi nayo alikuwa anaizungumzia kama gari. Banda lilisimama baada ya masika, siku za jua na baridi kali. Siku ya kufungua, kabla ya mkungu wowote kupimwa, watu walitaka kujipima wao. Mzee Ambindwile alipanda na koti lake na kofia. Kisha Sekela akapanda, mshale ukakimbia ukampita mumewe kwa mbali, na umati ukalipuka kwa kicheko. "Mmeona anavyonilisha?" Sekela alisema akiinua mikono, akakataa kushuka mpaka apigwe picha.

Safari ya kwanza ilikwenda vizuri, ziada kidogo ikagawanywa. Ya pili bei ikaanguka. Kila mtu alileta mizigo kwa wakati mmoja, ndizi zikajaa Mabibo, na Fuso ikarudi na pungufu. Halikuwa pigo kubwa, lakini lilikuwa pigo. Mwanaharusi alijiambia kwamba makubaliano ni makubaliano, ila wale ni wakulima, atasubiri, labda watasahau.

Siku mbili baadaye Ambindwile alifika Ibighi. Alikuwa amekusanya kwa wenzake wote, kila mtu sehemu yake, na yake juu. Alikaa sebuleni akaiweka fedha mezani, akaisogeza mbele kwa vidole viwili.

Neno "baba, acha" lilikuwa limeshafika ulimini kwa Mwanaharusi. Akalimeza. Alinyoosha mikono yote miwili, akaipokea fedha ile, akasema, "Ahsante, mshirika wangu," na mzee akakaa wima kama kijana aliyevishwa cheo.

Mzee alipotoka nje kungoja usafiri wa kurudi, Mwanaharusi alimsikia kupitia dirishani. Alikuwa amesimama katikati ya njia, simu sikioni, anapiga kelele mpaka kwa Mama Neema wanasikia.

"Ndiyo, niko mjini! Nimekuja kwenye mambo ya kampuni. Hapana, si faida, wewe! Faida kila mtu anaweza. Nimekuja kulipa hasara!"